Joto, Maji na Beseni la Barafu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Afya ya Wachezaji wa Futiboli ya Kimarekani

Naishi Houston, Texas, na kila Agosti napigiwa simu za aina mbili. Ndugu wa nyumbani wameona video ya jitu la kilo 140 limelala chali uwanjani likipulizwa na feni, wanataka kujua limepatwa na nini. Wazazi wenzangu wa hapa, Wakongo, Wakenya na Watanzania ambao watoto wao wameingia sekondari wakapewa helmeti, wanauliza mtoto anywe maji kiasi gani. Mimi si daktari. Ni mjomba wa kijana anayecheza mstari wa mbele, na nimekalia viti vya chuma vya uwanja wao misimu mitatu nikiuliza watu maswali mpaka wakanichoka. Haya ndiyo majibu niliyokusanya.

Marekani si nchi ya baridi? Hilo joto linatoka wapi?

Mnadanganywa na picha za Januari, theluji kwenye mji wa Green Bay na wachezaji wakitoa moshi mdomoni. Ligi ya kulipwa, NFL, huanza Septemba na kumalizika Februari, lakini kambi za mazoezi hufunguliwa mwishoni mwa Julai. Agosti ya Houston ukitoka nje ni kama umefunikwa blanketi lililolowa: Dar mwezi Februari, ila bila upepo wa bahari. Na usidhani ukienda kaskazini umepona. Kifo kilichobadilisha mambo yote nitakayoyaeleza hapa kilitokea Minnesota, jimbo linalopakana na Kanada.

Mbona wakimbiaji wetu wa marathoni wanakimbia saa mbili juani na hawaanguki hivyo?

Wengine huanguka, tutafika huko. Ila fikiria sufuria kubwa la pilau la harusini na kibakuli cha mtoto. Vyote vimetoka jikoni wakati mmoja. Kibakuli baada ya dakika kumi unakila, sufuria bado linakuunguza. Mwili mkubwa una nyama nyingi inayozalisha joto, na ngozi yake, ndiyo njia ya joto kutokea, haiongezeki kwa kiwango hicho hicho. Eliud Kipchoge hafiki kilo 60. Mchezaji wa mstari wa mbele wa NFL ana zaidi ya mara mbili ya hizo.

Halafu yule mkubwa unamvisha. Helmeti inafunika kichwa, pedi za mabega zinafunika kifua na mgongo, suruali ya kubana ina pedi za mapaja na magoti ndani yake. Jasho halipoozi mwili kwa kutoka tu, linapooza kwa kukauka, na chini ya plastiki halikauki. Siku ya unyevunyevu mwingi hata lile la mikononi linachuruzika chini bure.

Kuna na mwendo wenyewe. Mkimbiaji anajipangia kasi, akiona vibaya anapunguza. Mchezaji huyu anapigiwa filimbi na mtu mwingine. Anasukumana kwa sekunde tano kwa nguvu zake zote, anarudi mstarini, anarudia, na kocha ndiye anayeamua lini inatosha.

Korey Stringer ni nani? Kila makala inamtaja.

Alikuwa mchezaji wa Minnesota Vikings, namba 77, mlinzi wa upande wa kulia kwenye mstari wa mbele. Miaka 27, kilo zaidi ya 150, ndiyo kwanza amechaguliwa kuwa miongoni mwa nyota wa ligi. Julai 30, 2001, siku ya kwanza ya kambi mjini Mankato, alitapika na kutolewa mazoezini. Kesho yake asubuhi alirudi. Alivaa pedi kamili, joto na unyevu vikiwa vimepanda sana, akatapika tena zaidi ya mara moja, na akamaliza zoezi.

Hapo kwenye kumaliza zoezi ndipo panaponikera kila nikisoma habari zake. Watu wanafikiri kiharusi cha joto kinamwangusha mtu katikati ya uwanja mbele ya kila mtu. Yeye alimaliza, kisha akalegea. Akapelekwa kwenye chumba chenye kiyoyozi pembeni ya uwanja, baadaye ndipo gari la wagonjwa likaitwa. Alipofika hospitali joto la mwili wake lilikuwa nyuzi 42.7. Kabla ya saa nane usiku wa kuamkia Agosti 1 alikuwa ameshafariki, viungo vyake vikizima kimoja baada ya kingine.

Mjane wake, Kelci, alishtaki, na mwaka 2009 ligi ikamalizana naye. Mwaka uliofuata, 2010, ilianzishwa taasisi yenye jina la mumewe katika Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya mtafiti Douglas Casa, ambaye naye aliwahi kupatwa na kiharusi cha joto akiwa mkimbiaji kijana na akapona. Tangu Stringer, hakuna mchezaji mwingine wa NFL aliyekufa kwa joto akiwa kazini. Vyuoni na sekondari hali si hiyo.

Kuchoka kwa joto na kiharusi cha joto vinatofautianaje?

Kwanza, kiharusi cha joto si kile kiharusi cha kupooza upande mmoja, jina tu limegongana. Ni pale joto la ndani ya mwili linapopita takriban nyuzi 40 na ubongo ukaanza kuharibikiwa.

Aliyechoka kwa joto anaumwa kichwa, ana kizunguzungu, kichefuchefu, miguu mizito, lakini ukimuuliza jina la mama yake anakujibu. Mweke kivulini, mvue vifaa, mpe maji, inua miguu, atarudi. Mwenye kiharusi cha joto ubongo umeanza kuyumba: anajibu ovyo, anakasirika bila sababu, anatembea kama mlevi, anasahau zoezi alilolifanya mara mia, au anazimia. Mtu mpole akianza kumtukana kocha saa tisa alasiri mwezi wa Agosti, usimfokee. Mpime.

Na msitafute ngozi kavu. Hilo la kusema mwenye kiharusi cha joto hatoki jasho ni la wazee walioachwa juani bila kufanya kazi. Mchezaji anaweza kuwa analowa chapachapa na ubongo wake unaiva.

Kumpima nako kuna aibu yake. Kipimajoto cha kinywani, kwapani, sikioni au kile cha kuelekeza kwenye paji la uso vyote vinadanganya kwa mtu aliyetoka mazoezini. Kinachoaminika ni cha njia ya haja kubwa. Makocha wengi wa sekondari hawataki kulisikia hilo, na wazazi wengine ndio kabisa. Naelewa. Basi pale ambapo hakuna wa kupima hivyo, dalili za ubongo zinatosha kuanza kumpoza.

Akianguka, wa kwanza kufanya nini?

Mtie kwenye maji ya barafu mwili mzima, shingo kwenda chini, palepale uwanjani, na mwingine apige 911, namba ya dharura ya huku, wakati huohuo. Mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Kama kuna jambo moja ninalotaka ulichukue hapa, ni hilo.

Sababu ni saa. Mwili ukishushwa chini ya nyuzi 40 ndani ya kama nusu saa tangu kuanguka, karibu wote wanapona. Ukichelewa, figo, ini na misuli vinaanza kuharibika, na hospitali inapokea maiti inayopumua. Gari la wagonjwa lifike, limpakie, lipite foleni, apokelewe, apimwe: nusu saa imekwisha na hakuna aliyemwagiwa hata kikombe. Kwenye maji ya barafu yanayokorogwa, joto la mwili hushuka takriban nyuzi moja kila dakika tano. Anatolewa akifika kama 39, asije akapitiliza upande wa baridi.

Ushahidi mzuri hautoki kwenye futiboli, unatoka kwa wakimbiaji. Falmouth, Massachusetts, kuna mbio za barabarani za Agosti ambako watu huanguka kwa joto kila mwaka. Waganga wa pale waliandika kumbukumbu za miaka 18: wagonjwa 274 wa kiharusi cha joto, wote walitiwa kwenye mabeseni ya barafu, wote 274 waliishi.

Sasa weka pembeni yake Chuo Kikuu cha Maryland. Mei 29, 2018, Jordan McNair, kijana wa miaka 19 wa mstari wa mbele, alianza kuzidiwa kwenye mbio za kurudiarudia. Uchunguzi wa watu wa nje uligundua kwamba hakupimwa joto ipasavyo, hakutiwa kwenye maji baridi, na ilipita zaidi ya saa nzima tangu dalili zianze hadi gari la wagonjwa kuondoka naye. Alifariki Juni 13. Mkuu wa chuo alikiri makosa hadharani, na kocha mkuu akafukuzwa Oktoba mwaka huohuo.

Beseni lenyewe si mtambo. Huku Texas timu nyingi hutumia yale mabeseni makubwa ya plastiki ya kunyweshea ng'ombe, yanauzwa kwenye maduka ya wafugaji. La shule ya mpwa wangu ni la buluu, linakaa chini ya mti mmoja karibu na geti. Saa tisa na nusu vijana wawili wa mwaka wa kwanza wanalijaza kwa mpira wa bustani mpaka nusu, wanaacha magunia ya barafu pembeni kwenye kisanduku cha baridi, na taulo moja limelazwa ukingoni. Taulo ni la kupitisha chini ya makwapa, kuna mtu nyuma analishika ili kichwa kisizame. Nilipoliona mara ya kwanza nilicheka, nikasema wanaogesha ng'ombe, kumbe hapa pana josho.

Kama hakuna beseni, turubai linafaa. Mlaze mgonjwa katikati, watu sita washike kingo wainue, mwagieni maji na barafu ndani, muwe mnalitikisa. Kama hata turubai hakuna, mpira wa maji na mataulo ya barafu yanayobadilishwa kila dakika mbili. Vifuko vya barafu shingoni na makwapani peke yake ni vya kumliwaza mama yake.

Nimesikia maji baridi sana yanamkaza mishipa, joto linabaki ndani. Si hatari?

Hofu hiyo ilikuwa hata kwa madaktari zamani. Mishipa ya ngozi inajikaza kweli, na mtu anaweza kutetemeka. Lakini maji ya barafu yanachukua joto haraka mno kuliko mwili unavyoweza kulizuia. Wale 274 wa Falmouth ndio jibu.

Panadol je?

Hapana. Homa ya malaria ni ubongo wenyewe umeamua kupandisha joto, na Panadol inaushawishi ubadili uamuzi. Hapa ubongo haukuamua chochote, mwili umezidiwa. Dawa haina wa kumshawishi, na ini ambalo tayari linaungua unalipa kazi ya ziada.

Turudi kwenye maji ya kunywa. Kiasi gani?

Nitakukatisha tamaa: hakuna idadi ya glasi. Mchezaji mkubwa aliyevaa pedi anaweza kutoa zaidi ya lita mbili za jasho kwa saa, na tumbo la binadamu linapitisha kama lita moja kwa saa. Hata anywe vipi, ndani ya mazoezi hawezi kulipa deni lote. Kinachotafutwa ni deni lisizidi karibu asilimia mbili ya uzito wake, na aje mazoezini akiwa hana deni la jana.

Ndiyo maana mlangoni kwa timu za kulipwa, na shule zenye akili, kuna mizani na karatasi. Mpwa wangu alipima 118.4 akiingia, akatoka na 115.9, na hapo alikuwa amekunywa chupa tatu. Tabibu wa timu akazungushia ile namba kalamu nyekundu, akamwambia kabla ya kulala anywe kama lita tatu na nusu, taratibu, pamoja na chakula chenye chumvi. Hesabu yake ni lita moja na robo hadi moja na nusu kwa kila kilo iliyopotea, kwa sababu nyingine utaikojoa. Asubuhi uzito haujarudi, huvai pedi. Nyumbani kwangu ile jioni ilikuwa ni wali, maharage na safari za chooni.

Asiye na mizani aangalie mkojo. Ukiwa rangi ya maji ya limau, vizuri. Ukiwa rangi ya chai ya rangi, bado ana deni. Ukiwa rangi ya kola baada ya mazoezi makali, hiyo si kiu tena: misuli inavunjika na figo ziko hatarini, mpeleke hospitali.

Lakini nisikilize hapa. Mtu aliyekunywa maji vizuri bado anaweza kupata kiharusi cha joto. Maji yanakusaidia kutoa jasho, hayazimi tanuri. Kila Agosti nasikia wazazi wakiambizana "ilimradi anywe maji" kana kwamba ni hirizi.

Maji mengi yanaweza kumdhuru mtu?

Yanaweza kumuua. Mwaka 2014 katika jimbo la Georgia kijana wa sekondari wa miaka 17, akitaka kuzuia misuli isimkaze, alikunywa, kwa maelezo ya familia yake, galoni mbili za maji na mbili za Gatorade. Hizo ni karibu lita 15. Chumvi ya damu ilishuka, ubongo ukavimba, hakuamka. Wanaoambiwa kunywa bila kikomo wawe na woga kidogo. Mtu ambaye uzito wake umepanda wakati wa mazoezi amekunywa kupita kiasi, na kama anaumwa kichwa, amevimba vidole na anachanganyikiwa, usimwongezee maji.

Gatorade ni dawa au ni soda?

Ilianza kama dawa. Mwaka 1965 kocha msaidizi wa Chuo Kikuu cha Florida alimuuliza daktari wa figo, Robert Cade, kwa nini vijana wake hawakojoi baada ya mechi. Cade na wenzake wakagundua kwamba walikuwa wanatoka jasho kiasi kwamba hakuna kilichobaki cha kukojoa, na chumvi imekwenda nayo. Wakachanganya maji, chumvi na sukari. Ilikuwa na ladha mbaya mno, mpaka mke wa Cade akashauri waweke maji ya limau. Timu ya chuo inaitwa Gators, jina likatoka hapo. Januari 1967 Gators walishinda mechi ya kombe la Orange Bowl, na kinywaji kikapata soko.

Mama yeyote aliyewahi kuchemsha maji, akatia chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, anaijua kanuni hiyo. Sukari kidogo inaifungulia chumvi mlango wa utumbo, na maji yanafuata. Paketi ya ORS ya zahanati ina chumvi nyingi kuliko Gatorade na sukari kidogo, na siku hizi wachezaji wa kulipwa wenye jasho la chumvi hutumia vitu vinavyokaribia ORS. Unawajua kwa chaki nyeupe kwenye kofia zao.

Madafu? Nimeulizwa na Mmombasa mmoja kwa uchungu kabisa. Madafu ni matamu, yana potasiamu tele, lakini jasho linachukua zaidi sodiamu, na hiyo kwenye dafu ni chache. Kunywa, halafu ule muhogo uliotiwa chumvi.

Na maji ya achari?

Hii ni hadithi tamu. Septemba 3, 2000, Philadelphia Eagles walikwenda Texas kucheza na Dallas Cowboys siku ya nyuzi 43. Tabibu wao, Rick Burkholder, aliwanywesha maji ya achari ya matango, yale ya siki na chumvi yanayobaki kwenye chupa. Wakashinda 41 kwa 14, na Duce Staley akakimbia yadi 201. Watu wakasema chumvi. Baadaye maabara ilionyesha kwamba misuli iliyokazwa huachia upesi mno, kabla hayo maji hayajatoka tumboni. Inaelekea ukali wa siki unagusa neva za koo, na neva zinautuliza ule mkazo. Kwa hiyo si upuuzi, ila si maji ya kutuliza kiu wala kinga ya joto.

Kwa nini wengine wanatundikiwa dripu mapumzikoni?

Kwa sababu wana mechi ya kumaliza na daktari yuko hapohapo. Aliyetapika asiyeweza kunywa inamsaidia. Kwa mwenye tumbo zima, kunywa kunatosha, na sindano inabaki sindano.

Ni kweli Miami wanatumia jua kama mchezaji wa ziada?

Wao watakwambia ni usanifu wa majengo. Mwaka 2016 uwanja wa Hard Rock uliwekewa paa lililo wazi katikati. Mashabiki wengi wakapata kivuli, na benchi la Miami Dolphins likapata kivuli pia. Benchi la wageni, mechi ikianza saa saba mchana, liko juani. Ongeza kwamba mwenyeji ndiye anayechagua jezi, naye mwezi Septemba huchagua nyeupe, hivyo mgeni anavaa ya rangi nzito.

Septemba 25, 2022, Buffalo Bills, timu ya mji wa baridi, walikaa hapo. Walicheza mashambulizi 90, Dolphins 39 tu, na bado Bills walipoteza 21 kwa 19 huku wachezaji wao wakitoka mmoja mmoja, misuli imekaza. Mwili huchukua siku saba hadi kumi na nne kuzoea joto: damu inaongezeka maji, jasho linaanza mapema na linapunguza chumvi. Kwa ndege ya Jumamosi hakuna anayezoea.

NFL imebadilisha nini hasa?

La maana zaidi ni ratiba. Enzi za Stringer kambi ilikuwa mazoezi mawili kwa siku, mara nyingi yote na pedi. Makubaliano ya mwaka 2011 kati ya wamiliki na chama cha wachezaji yalipiga marufuku mazoezi mawili ya pedi katika siku moja. Ya mwaka 2020 yakaongeza siku za mwanzo za kuzoea kabla ya pedi kuvaliwa. Vyuo vilitangulia kwa hilo mwaka 2003: siku mbili za kwanza helmeti peke yake, pedi za mabega siku ya tatu, mavazi kamili siku ya tano. Vifo vingi vya joto hutokea siku za mwanzo, kwa hiyo ratiba tu, bila senti ya ziada, inaokoa.

Kingine ni kifaa cha WBGT, kinachopima kwa pamoja joto, unyevu, upepo na ukali wa jua. Kilitokana na kambi ya wanamaji wa Marekani huko Parris Island, South Carolina, miaka ya 1950, ambako makuruta walikuwa wakianguka kwenye gwaride. Sekondari za Georgia tangu 2012 hufuata namba zake: ikipita takriban 33, hakuna mazoezi ya nje. Joto la simu yako ni la kivulini, halijui kwamba mtoto yuko juu ya nyasi bandia zilizolala juani tangu asubuhi.

Zamani walinyimwa maji kweli?

Kweli, na kwa fahari. Mwaka 1954 kocha Bear Bryant aliwapeleka vijana wa Chuo Kikuu cha Texas A&M kwenye kijiji cha Junction, ukame umetanda, siku kumi, bila maji mazoezini. Mmoja alipata kiharusi cha joto akaponea chupuchupu. Wengi walitoroka usiku. Masimulizi yao yanasema walikwenda na mabasi mawili wakarudi na moja. Wanaosifia kambi ile huwa hawamalizii: msimu huo timu ilishinda mechi moja, ikapoteza tisa.

Mtoto wangu anabeba kinasaba cha sikoseli. Acheze?

Hili swali ni letu. Kinasaba hiki kimejaa kwetu kwa sababu ya malaria. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ndiye aliyeonyesha uhusiano huo mwaka 1954 kwa utafiti wake Afrika Mashariki. Mbebaji si mgonjwa, na wabebaji wengi wanacheza NFL. Ila kwenye joto, kiu, mwinuko na mbio zisizo na mapumziko, chembe zake za damu zinaweza kujikunja na kuziba njia.

Ryan Clark wa Pittsburgh Steelers, mbebaji wa kinasaba hiki, alicheza Denver mwaka 2007, mji ulio kama mita 1,600 juu ya bahari, akapoteza wengu na mfuko wa nyongo. Januari 2012 timu yake iliporudi Denver kwa mechi ya mtoano, kocha Mike Tomlin alimkatalia kucheza. (Nairobi iko juu zaidi ya Denver, kwa wanaopanga kumpeleka mtoto kambini nyumbani.) Baada ya kifo cha mchezaji mbebaji wa Chuo Kikuu cha Rice mwaka 2006, vyuo vikubwa vilianza mwaka 2010 kuwapima wachezaji wao kinasaba hicho.

Kuanguka kwake ni tofauti: mapema zaidi, mara nyingi kwenye mbio za kurudiarudia, miguu inaishiwa nguvu huku mtu anazungumza vizuri. Kocha akidhani ni uvivu, amekosea vibaya. Mwambie tabibu wa timu, kwa maandishi. Nimekutana na wazazi wanaoficha wakiogopa mtoto atanyimwa namba. Mtoto huyo anaweza kucheza akiruhusiwa kupumzika anapotaka na kunywa anapotaka. Akifichwa hana ruhusa hiyo.

Vidonge vya kupunguza mwili na vya nguvu vinahusika?

Vinahusika. Ephedra, dawa ya mmea iliyouzwa kama ya kupunguza mwili, ilipandisha joto la mwili na mapigo ya moyo. NFL iliipiga marufuku mwaka 2001, na baada ya mchezaji wa besiboli Steve Bechler kufa kwa joto Februari 2003, serikali ikaiondoa sokoni 2004. Zilizobaki madukani nyingi ni kafeini kali iliyofungwa kwenye kopo la kung'aa. Agosti si mwezi wake.

Wakistaafu hatari inaisha?

Mitch Petrus alishinda taji la ligi na New York Giants. Julai 2019, akiwa na miaka 32, alifanya kazi nje siku nzima kwenye karakana ya familia yake Arkansas, akafa kwa kiharusi cha joto. Hapakuwa na tabibu wala mizani.

Mimi ni mzazi tu. Niulize nini shuleni?

Muulize kocha: beseni liko wapi? Usiulize kama lipo. Florida tangu 2020 sheria inadai shule ziwe nalo, na kwingine nyingi zinalo. Uliza liko wapi sasa hivi, nani analijaza, nani ana ruhusa ya kusema "mtie ndani" bila kumpigia mtu simu kwanza.

Shule ya kwanza ya mpwa wangu nilijibiwa vizuri sana. Lipo, jipya, tena limenunuliwa mwaka huu. Nikaomba nilione. Lilikuwa stoo, limesimamishwa ukutani nyuma ya vizuizi vya mbio, bado na kibandiko cha bei. Nikauliza barafu. Iko kantini, ng'ambo ya maegesho. Nikauliza ufunguo wa kantini anao nani. Anao mama mmoja, wakasema, mtu mwema sana, huondoka saa nane.

Mazoezi yalikuwa yanaanza saa kumi.